Wote Kumi Nyuma

Mikumi, Jumatano, 3 Machi 1999

Mwinshehe,

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tukuzike. Nimekaa chumba cha mbele. Mlango wa barabarani umefungwa kwa komeo, na kibao chako cha Tunachapa Barua, Maombi ya Kazi na Kadi za Harusi kimegeuzwa, kimeegemea ukuta. Nimevaa kanga nyeupe aliyoninunulia mama yako. Sitatoka mpaka miezi minne na siku kumi itimie, yaani mpaka Maulidi ipite. Mama yako amehamia hapa akae na mimi kwenye eda. Analala upande wako wa kitanda, na anakoroma kama wewe.

Daftari hili nimelikuta kwenye droo. Kurasa za mbele umeorodhesha watu waliosahau kuchukua barua zao. Nimeacha ukurasa mmoja mtupu kati yako na mimi, kisha nikaanza.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Mama amekinga maji kwenye sufuria zote, hata ile ndogo ya chai.

Jumamosi, 6 Machi

Teresia amekuja na maandazi, na chini ya maandazi kulikuwa na bahasha ya kaki. Amesema Kasian, kondakta wa basi la Kilosa, kaiacha kwenye meza yake ya chai kama kawaida. Nilijua ni nini kabla sijaishika. Ilikuwa disketi ya ule mchezo wenu wa mpira, na kikaratasi cha rafiki yako Kisioki. Nakinakili hapa.

"Ndugu yangu, pole sana kwa msiba. Nilikuwa Mkata kwa mzee, kwenye ng'ombe, ndiyo maana mjumbe wako hakunikuta ofisini. Mama alikuwa mtu mwema kwangu, sijasahau ule uji wake wa mchele. Barabara ikikauka nitakuja kuhani. Kama huna moyo wa kucheza, tutasubiri. Kama unao, timu yangu nimeshaipanga. Kisioki."

Nilisoma mara tatu. Mama yako alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu anapeta mchele.

Nadhani nimeelewa ilivyokuwa. Mdogo wako alitumwa Kilosa kupeleka habari. Pale ofisi ya shamba la mkonge hakumkuta Kisioki, akamwachia mlinzi wa getini maneno. Mlinzi ni wa kabila moja na Kisioki, na wewe ndiye uliyenieleza kuwa wafugaji wale hawataji jina la mtu aliyekufa. Unakumbuka Kisioki alivyotusimulia habari za kaka yake tangu tunaanza kula hadi tunanawa, bila kumtaja jina? Basi mlinzi naye hakutaja. Atakuwa alisema tu kuna msiba Mikumi, nyumbani kwa mchapaji. Kisioki akachagua mwenyewe nani amekufa, akamchagua aliye mkubwa kwa umri.

Ingetosha mstari mmoja kumsahihisha. Nilikaa mbele ya kompyuta yako niuandike. Badala yake nikaingiza disketi.

Jumapili, 7 Machi

Nieleze jinsi ilivyotokea, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Skrini ilipofunguka, juu kabisa palikuwa na jina lako. Kocha: Mwinshehe. Chini yake, Kidodi Stars, nafasi ya tatu. Halafu Mkata Rangers ya Kisioki, nafasi ya nne. Mechi zilizobaki: kumi na mbili. Ile ya mwisho ni ninyi wawili, ambayo mlikubaliana mtaicheza mkiwa mmekaa pamoja hapa, kwenye mashine moja. Wachezaji wote umewapa majina ya watu wetu. Beki wa kati ni muuza nyama, winga ni Kasian. Kipa ni mimi. Nilinuna siku uliponionyesha, ukasema umeniweka golini kwa sababu mimi ndiye mtu pekee unayeweza kumpa mgongo bila hofu.

Najua mnavyocheza kwa sababu nilikaa pembeni yako miaka miwili nikishona vitambaa. Kisioki anapanga timu yake, anatuma disketi kwa basi. Wewe unapanga yako, unabonyeza, mechi za juma hilo dhidi ya timu za mashine zinachezwa zenyewe, na disketi inarudi kwa basi na maneno ya kutambiana. Maandishi ya kwenye skrini ni ya Kiingereza, lakini ubavuni mwa mashine bado umebandika karatasi yako ya tafsiri, uliyoiandika kwa biki:

ULINZI. Kukaba: mtu kwa mtu, au eneo. Mtego wa kuotea: ndiyo, hapana. Mstari wa mabeki: juu, kati, chini. Kuingilia: kwa nguvu, kwa adabu.

Sikugusa kitu. Kukaba eneo, mtego ndiyo, mstari juu, kwa adabu. Nikabonyeza. Mabeki wako walipanda kwa pamoja kumwacha mshambuliaji nyuma yao ili mwamuzi apige filimbi, na mwamuzi hakupiga. Tulifungwa tatu bila. Kila bao lilipoingia, skrini iliandika jina langu kwamba nimefungwa.

Kisha nikachapa kikaratasi. Wewe ulichapa barua zako zote kwa mashine, kwa kujivuna, kwa hiyo hakuna mwandiko wa kunifichua. Niliandika: "Nimepokea. Ahsante kwa pole. Tuendelee. M." Nikajiambia si uongo, kwani hata jina langu Mwanaidi linaanza na M.

Nimeona aibu tangu nilipolamba gundi ya bahasha.

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Teresia kachukua bahasha. Hakuuliza ndani kuna nini.

Jumatano, 17 Machi

Disketi imerudi. Kisioki ameandika: "Tatu bila, mkulima. Hata kunguru huwa mnawafukuza vizuri kuliko hivyo." Nilicheka, nikaziba mdomo kwa kanga. Mama akauliza namwandikia nani kila siku. Nikamwambia ni kazi za watu zilizobaki. Ni uongo wangu wa pili, na huu nimemwambia ana kwa ana.

Leo nimebadilisha mipangilio. Nimeshindwa kuvumilia kufungwa tena kwa jina lako. Mtego wa kuotea, hapana. Mstari wa mabeki, chini. Kukaba mtu kwa mtu. Hata Kasian nimemtoa kwenye winga nimemrudisha beki. Matokeo, sifuri kwa sifuri.

Jumamosi, 20 Machi

Sifuri kwa sifuri.

Jumapili, 28 Machi

Idd. Watoto wa jirani wamepita dirishani na nguo mpya. Mama amepika pilau kidogo, ya kutosha sahani mbili, halafu kwa mazoea akapakua tatu. Tukaitazama ile ya tatu. Akampelekea Teresia.

Jumatano, 31 Machi

Tena sifuri kwa sifuri. Kisioki: "Hiyo ni timu au ni zizi? Wote kumi nyuma na lango umefunga kwa miba. Nyie wakulima ng'ombe wakiingia shambani mnapiga kelele, kumbe mnaweza kujenga ua."

Nimemjibu: "Ng'ombe wako waingie kama wanaweza. M." Ulikuwa unapenda kumtania kuhusu ng'ombe. Nimeiga vizuri mno.

Nimefikiri sana kwa nini siandiki ule mstari mmoja. Mwinshehe, kila anayeingia humu ndani anasema ulikuwa. Ulikuwa mpole, ulikuwa fundi, ulikuwa unapenda mihogo. Kwenye vikaratasi vya Kisioki peke yake ndimo bado unafungwa, unakasirika, unapanga timu. Anakuuliza unakula nini. Nikimwambia, na yeye ataanza kusema ulikuwa.

Lakini niko eda. Hata fundi wa paa nimezungumza naye kupitia kwa mama, na huku naandikiana na mwanaume kila juma. Nimemwacha mama yako afe kwenye karatasi, na kila asubuhi ananichemshia maji ya kuoga.

Jumamosi, 10 Aprili

Basi halikuja. Maji yamepita juu ya daraja kule kijiji cha Ulaya. Wanaokwenda Kilosa wanazunguka Morogoro na Dumila, siku nzima. Nilipoambiwa nilifurahi, maana Kisioki hawezi kuja kuhani. Furaha ile ilidumu mpaka adhuhuri, ikageuka ikawa kitu kingine.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Umeme hakuna.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Nimekumbuka ulivyokuwa unafuta vumbi kwenye kioo cha mashine kwa soksi moja ya bluu. Nimeitafuta, nimeiona nyuma ya meza. Sijaifua.

Jumatano, 21 Aprili

Kasian amepita kwa kuzunguka Dumila, na bahasha kailinda ndani ya shati. Kikaratasi cha Kisioki leo ni kirefu. Matokeo yako chini kabisa, na juu ameandika hivi:

"Ndugu yangu, nina jambo. Huku shamba la mkonge linauzwa. Wazungu wawili wamekuja na Mhindi mmoja, wamepima hadi choo cha ofisini. Watu wanasema mnunuzi mpya atakuja na makarani wake. Binamu yangu kanipatia nafasi Morogoro, kampuni ya simu za mkononi, kazi ya stoo. Wananisubiri hadi tarehe 8 Mei. Mzee wangu hajui mambo ya ofisi, anasema nirudi kwenye ng'ombe. Hapa nilipopanga, Magomeni ya huku Kilosa, maji ya mto Mkondoa yameingia ndani mara mbili, kwa hiyo hata hapo hapanishikilii. Mtu ninayemsikiliza ni wewe. Niende au nibaki? Ukisema nenda, naenda. K."

Nimekiweka chini ya mkeka wa kuswalia.

Alhamisi, 22 Aprili

Ungemwambia aende. Najua. Wewe uliacha kazi ya kiwanda ukanunua mashine hii ya mtumba wakati kila mtu anasema umechanganyikiwa. Mstari juu, mtego ndiyo. Ulikuwa ukiniambia ukikaa nyuma sana unamwachia mgeni aje hadi jikoni.

Ijumaa, 23 Aprili

Sikulala vizuri. Akienda Morogoro hatakuwa na kompyuta ya ofisi, na disketi haitakuja tena.

Jumamosi, 24 Aprili

Nimeandika. "Baki kwanza. Usitoke nje kabla hujaona mnunuzi ni mtu gani. Tumalize msimu. M."

Nimempa Teresia bahasha mapema, kabla sijabadili mawazo, na nilijua kabisa kwamba ndiyo sababu ya kumpa mapema.

Mechi: sifuri kwa sifuri. Kipa hajafungwa mechi tano.

Jumatano, 28 Aprili

Nguo zangu nyeupe hazikauki. Mama anazianika juu ya jiko, na zinanuka moshi. Ni sawa, manukato hayaruhusiwi, moshi hakuna aliyeukataza.

Jumatano, 12 Mei

"Nimewajibu wa Morogoro kwamba siendi. Umenitua mzigo, ndugu yangu. Usiku ule nililala kama mtoto. Mechi umebana tena, lakini nitakuja kukufungua mwenyewe kwa mkono wangu siku ya mwisho. Mweleze shemeji aniandalie uji kama ule wa mama. K."

Leo sikuingiza disketi. Nilikaa nayo mapajani mpaka mama akaja kuniuliza kama tumbo linauma.

Jumamosi, 22 Mei

Mvua imepungua. Barabara ya Kilosa imefunguliwa. Nafasi ya nne.

Jumamosi, 29 Mei

Sifuri kwa sifuri. Kuna siku nilijivunia hili. Leo nimeona ni kitu gani. Ni timu ambayo haijagusa goli la mwenzake tangu Machi, ina watu kumi waliokaa nyuma, na nyuma yao kuna mwanamke mmoja anayeogopa mpira.

Jumamosi, 5 Juni

Naandika leo kwa urefu kwa sababu mkono ukitulia nitashindwa.

Bahasha imekuja asubuhi. Disketi, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la ofisi. Kisioki anasema mnunuzi amefika Jumanne. Aliwaita wafanyakazi wote uwanjani, wa mashine, wa shambani na wa ofisi. Karani mgeni akasoma majina ya wanaoondoka, na la Kisioki lilikuwa la nne. Wamepewa juma moja. Akazunguka mpaka kwenye simu ya posta, akapiga Morogoro. Binamu yake akamwambia nafasi ilishapata mtu tangu katikati ya Mei.

Halafu ameandika: "Usije ukajilaumu. Ushauri wako ulikuwa wa mtu anayenipenda. Nitarudi Mkata kwa mzee, nitachunga. Kompyuta imehesabiwa pamoja na mali iliyouzwa, lakini rafiki yangu wa stoo ataniruhusu niingie mechi hizi tatu. Ile ya mwisho nakuja kwako, Jumatatu tarehe 28, basi la asubuhi. Nitahani, tutacheza, halafu nitashika fimbo."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye usije ukajilaumu nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ule mlango uliofungwa. Mama alikuja akidhani nimeumwa na nge. Akanishika miguu anatafuta jeraha.

Nikamwambia yote. Nilianzia kwenye uji wa mchele, nikashindwa, nikaanza upya kwenye mlinzi wa getini. Nilimwambia kwamba kuna mtu Kilosa anayeamini yeye ndiye aliyekufa, na kwamba mimi nilijua siku zote. Nilimwambia kwamba nimekuwa nikiandika kwa jina la mwanawe. Nilimwambia habari ya Morogoro. Nilizungumza nikiwa natazama vidole vya miguu yake.

Aliiachia miguu yangu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huyo Mmang'ati wenu amenililia?"

Siku zote anawaita wafugaji wote hivyo, hata Kisioki mwenyewe alishachoka kumsahihisha.

"Ndiyo mama. Mara mbili."

"Aliandika nini?"

Nikamsomea kile kikaratasi cha kwanza. Nilipofika kwenye uji alicheka. Mwinshehe, mama yako hajacheka tangu wewe. Alicheka akashika ukuta, machozi yakamtoka, kisha kicheko kikageuka, na mimi nikamshika tukakaa vile mlangoni mpaka adhana ya adhuhuri.

Baadaye, anatia maji kwenye birika, akasema bila kunigeukia, "Hilo la kuniua mimi si kitu. Mtu mzima akitangulizwa kwenye karatasi anazidishiwa siku. Lakini yule kijana ulimfungia mlango ambao haukuwa wako."

Nilisema nitamwandikia leo hii nimweleze kila kitu.

"Hutaandika. Msiba unapelekwa na mtu mwenye mdomo. Umeshaandika mno. Ataingia humu, na nitakayemfungulia ni mimi."

Jumapili, 6 Juni

Mama hajanisema tena. Ananipakulia chakula kama zamani. Ningependa anigombeze.

Jumatano, 9 Juni

Nimepanga timu, nimerudisha disketi bila kikaratasi. Sina tena la kuandika kwa jina lako.

Jumatano, 16 Juni

Kisioki ameuliza mbona siku hizi bahasha haina maneno. "Umenuna kwa sababu yangu?"

Bahasha ilikwenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 19 Juni

Teresia amekaa na mimi alasiri nzima. Nilimweleza. Akasema, dada, mimi nilidhani unachapa hati za mashamba. Kisha akasema alikuwa anajiuliza mbona kila nikimpa bahasha siwezi kumtazama machoni.

Jumamosi, 26 Juni

Maulidi. Nimesikia dufu kutoka msikitini. Kesho eda inaisha.

Jumapili, 27 Juni

Nimeoga, mama amenimwagia maji mwenyewe. Nimevaa gauni la kijani. Nilitoka mpaka barabarani, nikatazama malori ya Iringa yakipita, nikarudi. Mwanga ulikuwa mwingi kuliko nilivyoukumbuka.

Jumatatu, 28 Juni

Basi lilifika saa nne. Nilimwona dirishani akivuka barabara, lubega jekundu juu ya suruali ya ofisi, fimbo kwapani, na kibuyu cha maziwa alichokifunga kwa kitambaa cheupe. Alikuwa anatabasamu. Alipouona mlango umefungwa na kibao kimegeuzwa, hatua zikapungua.

Akapiga hodi. Mama yako akaenda, akatoa komeo, akafungua wazi.

Sijui nilitarajia nini. Kisioki alimtazama mama. Mdomo ulifunguka, akasema kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu ya heshima, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Hakuingia. Aliyapeleka macho nyuma ya bega la mama, yakapita chumba chote, yakapita kitini kwako, yakanifikia mimi, nami sikuwa na hina mkononi wala wanja jichoni. Nilimwona akihesabu tuliopo na kupata asiyekuwepo. Kibuyu akakiweka chini polepole. Akachuchumaa palepale kizingitini, akafunika uso kwa ncha ya lubega, na mama akachuchumaa naye, mkono juu ya kichwa chake. Hakuna aliyetaja jina.

Alipoingia alikaa kwenye kigoda, si kwenye kiti chako. Mama akampa maji. Alikunywa yote. Ndipo akauliza, "Tangu lini?"

"Februari, tarehe kumi na tisa. Homa ya siku tatu," nikasema.

Akafikiri. Nilimwona akirudi nyuma, Juni, Mei, Aprili, bahasha moja moja.

"Shemeji. Ni wewe uliyeniambia nibaki?"

"Ni mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilijua yeye angekwambia uende. Niliogopa bahasha zisije tena."

Kisioki aliinamisha kichwa. Nje Kasian alikuwa anaita abiria wa Kidodi.

"Ungesema ni wewe, ningekwenda Morogoro," akasema mwishowe. Kisha akaongeza, "Lakini ungesema ni wewe, nisingekuuliza. Ningekuwa nimeshajua. Ningekuja, ningekaa hapa mlangoni nikalia, halafu ningekwenda Morogoro."

Alisema kwa upole, na upole huo ulinikata.

Mama alileta uji wa mchele. Tulikunywa wote watatu. Kisioki akamtazama mama akinywa, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea kidogo. Akamwambia kwamba alishamchinjia mbuzi kule Mkata, na mbuzi mwenyewe alikuwa mnono. Mama akasema basi wamlipe huyo mbuzi, maana ameliwa bila sababu.

Nilidhani ataondoka na basi la mchana. Badala yake akatoa disketi mfukoni. "Imebaki mechi moja."

Nikawasha mashine. Skrini ilipofunguka na jina lako juu kabisa, akageuza uso upande wa ukuta.

"Siwezi," akasema. "Sisi jina la aliyekwenda hatulisomi, hatuliiti. Siwezi kucheza naye. Kama timu ina mtu, aandikwe huyo mtu."

Nilielewa, na nilitamani nisielewe. Kuna sehemu ya kubadili kocha, uliwahi kunionyesha. Nikaifungua. Mshale ukawaka mwishoni mwa jina lako. Nilifuta herufi moja, nikasubiri, nikafuta nyingine. Kila herufi niliitazama. Palipobaki patupu nikaandika: Mwanaidi. Mashine ikauliza kama nina hakika. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, hajui kusoma Kiingereza, lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu. Nikabonyeza ndiyo.

Kisioki akageuka, akasoma. "Haya, kocha mpya. Unalindaje leo?"

Karatasi yako ya biki ilikuwa bado ubavuni. Mtego wa kuotea, ndiyo. Mstari wa mabeki, juu. Kukaba eneo. Kuingilia, kwa adabu. Kasian nikamrudisha kwenye winga. Kisioki aliona yote niliyopanga. Akapanga ya kwake, akabonyeza.

Tulifungwa nne kwa mbili. Mwamuzi alipiga filimbi ya kuotea mara tatu, na mara nne hakupiga. Mabao mawili, Mwinshehe. La kwanza alifunga muuza nyama kwa kichwa, la pili Kasian. Tangu Machi sikuwa nimefunga hata moja. Kisioki alipiga goti lake kwa kiganja, akasema mkulima amefungua zizi, kisha akakumbuka, akaondoa kiganja gotini.

Kabla ya basi la jioni niliuacha mlango wa barabarani wazi kabisa kwa wateja, nikakigeuza kibao kikatazama njia. Nikamchapia Kisioki barua tatu za maombi ya kazi, mbili za Morogoro na moja ya Dar. Kila nilipoandika alikofanyia kazi na kwa miaka mingapi, nilimuuliza, naye alijibu. Mwisho wa karatasi, mahali ulipokuwa ukiweka maandishi madogo ya nani kachapa, nimeweka jina langu lote.

Alizikunja akaziweka kifuani. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Alimuaga mama, akanipa mkono, akavuka barabara. Disketi ameiacha mezani.

Jumanne, 29 Juni

Leo asubuhi amekuja mtu kuchapa kadi ya harusi. Nimefuta kioo kwa soksi yako ya bluu, nikafanya kazi.

Sitaandika tena humu. Kurasa zilizobaki ni za barua ambazo watu watasahau kuchukua. Jina lako nimelitoa kwenye skrini, lakini karatasi yako sijaibandua, wala sitaibandua. Kama huko uliko mtu huruhusiwa kukumbuka, nikumbuke, Mwinshehe. Nikumbuke mimi Mwanaidi, uliyempa mgongo.